Maisha ya Daktari Viktor Frankl wa Vienna



Katika kurasa hizi za Kiswahili tumekwisha kusoma habari za wafalme, za wasafiri, na za watu waliovumbua mitambo. Safari hii nimeonelea niwasimulie maisha ya daktari mmoja ambaye hakuvumbua mtambo wala dawa ya chupa. Dawa yake kubwa ilikuwa swali. Jina lake ni Viktor Frankl, mtu wa mji wa Vienna katika nchi ya Austria.

Nimemchagua kwa sababu ya ugonjwa mmoja ambao umo katika mabweni ya shule nyingi, hasa ya wasichana, na ambao wengi wetu hatuna hata jina la kuuita. Kijana mzima, mwenye sahani ya chakula mbele yake, anaacha kula. Anakonda mpaka mifupa inahesabika, na bado akijitazama katika kioo anajiona mnene. Au anakula kwa pupa mahali pa siri, kisha anakwenda kujitapisha. Nitafika huko, wala sitakawia. Lakini kwanza nianze na kuzaliwa kwake.

Frankl alizaliwa tarehe 26 Machi, mwaka wa 1905. Wazazi wake walikuwa Wayahudi. Baba yake, Gabriel, alikuwa ametaka sana kuwa daktari, lakini fedha zilimwishia akiwa masomoni, akaingia kazi ya serikali. Mama yake, Elsa, alitoka mji wa Prague. Walizaa watoto watatu: Walter, Viktor na Stella. Tangu utoto Viktor alikuwa mtu wa mawazo. Alipokuwa na miaka minne tu, usiku mmoja kabla ya kulala, wazo lilimshtua kwamba siku moja naye atakufa. Hakuliogopa wazo hilo kama watoto wengine. Lililomsumbua ni kujua kama kufa kunayaondolea maisha maana yake.

Vita ya Kwanza ya Dunia ilipoanza alikuwa na miaka tisa. Njaa ikaingia Vienna. Mtoto huyu aliamka usiku wa manane katika baridi akapange mstari sokoni kungojea viazi, mpaka asubuhi mama yake alipokuja kushika nafasi yake ili yeye aende shule. Nataka msomaji akumbuke viazi hivyo, maana vitarudi katika habari hii.

Shuleni kulikuwa na mwalimu wa sayansi aliyefundisha kwamba uhai wa binadamu ni kuungua tu, kama mshumaa unavyoungua kwa hewa, basi, hakuna zaidi. Viktor, mwenye umri wa miaka 13 hivi, aliruka kutoka kitini akamwuliza mwalimu: ikiwa ni hivyo, maisha yana maana gani? Katika shule nyingine ninazozijua angepewa jembe akalime mpaka jioni. Yeye hakulimishwa, na swali lile hakuliacha tena maisha yake yote.

Siku zile Vienna ilikuwa na Sigmund Freud, mganga wa akili aliyekuwa maarufu kuliko wote. Frankl, akiwa mwanafunzi bado, alianza kumwandikia barua, na Freud alikuwa akimjibu. Makala moja ya kijana huyu Freud aliipenda akaipeleka kwenye jarida lake la kitaalamu, nayo ikachapishwa mwaka wa 1924. Frankl alikuwa na miaka 19, umri nilio nao mimi leo. (Mimi naandika katika gazeti la shule, nami nashukuru.) Baadaye alimfuata mganga mwingine mashuhuri, Alfred Adler, lakini mwaka wa 1927 alifukuzwa katika chama cha Adler kwa kuwa hakukubaliana na kila neno. Freud alifundisha kwamba mtu husukumwa na tamaa zake, naye Adler kwamba husukumwa na haja ya kushinda unyonge wake. Frankl aliona kwamba mambo hayo yapo, lakini kuna jambo lingine lenye nguvu zaidi: mtu anataka maisha yake yawe na maana. Akiikosa maana hiyo, anaumwa. Uganga wake akauita logotherapia, kutokana na neno la Kiyunani ambalo kwake lilikuwa na tafsiri ya maana.

Sasa tuje kwa vijana. Mwaka wa 1928 Frankl, akiwa angali anasomea udaktari, alianzisha katika Vienna vituo vya ushauri kwa vijana wenye dhiki. Kijana hakulipa kitu, wala hakulazimishwa kutaja jina lake. Madaktari na wataalamu wengine walijitolea, na miji mingine sita ikaiga. Wakati wa hatari kuliko wote ulikuwa siku za kutolewa ripoti za shule, kwa kuwa kila mwaka walikuwako wanafunzi waliojiua kwa aibu ya alama mbaya. Sina haja ya kuwaeleza wasomaji wa gazeti hili siku za matokeo zilivyo. Mwaka wa 1930 Frankl na wenzake walifanya kazi ya pekee katika siku hizo, na imeandikwa kwamba mwaka huo, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, Vienna haikumpoteza mwanafunzi hata mmoja kwa njia hiyo.

Kulikuwa na jambo jingine, ambalo mimi naliona kuwa ndilo mlango wa mafundisho yake yote. Miaka ile kazi zilikuwa haba sana katika Ulaya, na vijana wengi walikaa bure wakanyong'onyea. Frankl aliwachunguza, akaandika habari zao mwaka wa 1933. Aligundua kwamba walikuwa wamejifungia katika hesabu ya uongo: sina kazi, kwa hiyo sina faida, kwa hiyo maisha yangu hayana maana. Akawashawishi waende kusaidia bila mshahara katika maktaba, katika vyama vya vijana, na katika madarasa ya watu wazima. Wengi wao huzuni ikawatoka. Njaa haikuwatoka, maana hawakulipwa senti. Tumbo lilikuwa tupu vilevile kama jana, lakini mtu alikuwa amebadilika.

Alipata shahada ya udaktari mwaka wa 1930. Kuanzia 1933 hadi 1937 alifanya kazi katika hospitali kubwa ya wagonjwa wa akili, Steinhof, akisimamia wodi ya wanawake waliokuwa wametaka kujiua. Walipita mikononi mwake wagonjwa kama 3,000 kila mwaka. Mwenyewe alikiri kwamba wagonjwa hao walimfundisha zaidi ya vitabu.

Hata mwezi wa Machi 1938, Wanazi wa Ujerumani wakaitwaa Austria, na Wayahudi wakaanza kuteswa. Mwaka wa 1940 Frankl aliwekwa mkuu wa idara ya mishipa ya fahamu katika hospitali ya Rothschild, iliyokuwa ya Wayahudi. Wanazi walikuwa wakiwaua wagonjwa wa akili. Frankl aliwaandikia baadhi yao vyeti vya ugonjwa mwingine ili wapone. Kisha akapata viza ya kwenda Marekani. Viza ilikuwa yake tu, si ya wazazi wake, na wazazi bila yeye wangechukuliwa upesi. Akiwa katika mashaka hayo alikuta nyumbani kipande cha marumaru ambacho baba yake alikiokota katika kifusi cha sinagogi lililobomolewa na Wanazi. Juu yake ilibaki herufi moja ya Kiebrania, na herufi hiyo ilikuwa ya amri moja tu kati ya zile kumi: ile ya kuwaheshimu baba na mama. Akaiacha viza ipite muda wake.

Desemba 1941 alimwoa Tilly Grosser, muuguzi wa hospitali ileile. Tilly alipopata mimba walilazimika kuitoa, maana chini ya Wanazi mwanamke wa Kiyahudi mwenye mimba alipelekwa kambini. Septemba 1942 wakachukuliwa hata hivyo, pamoja na wazazi, wakapelekwa kambi ya Theresienstadt. Baba akafia huko mwaka wa 1943, mwanawe akiwa karibu naye. Oktoba 1944 Frankl alipelekwa Auschwitz. Tilly angeweza kubaki. Alijiandikisha mwenyewe amfuate mumewe. Siku chache baadaye mama yake Frankl naye aliletwa Auschwitz akauawa katika chumba cha gesi ya sumu.

Watu wengi husimulia kana kwamba Frankl aliishi Auschwitz muda mrefu. Alikaa huko siku chache tu. Sehemu iliyobaki ya kifungo aliipitisha katika makambi ya Kaufering na Türkheim, matawi ya kambi ya Dachau. Lakini siku hizo chache zilitosha kumnyang'anya kila kitu. Katika bitana ya koti lake alikuwa ameshona muswada wa kitabu chake cha kwanza, kazi ya miaka mingi. Koti likachukuliwa, na muswada ukaenda nalo.

Sasa tumefika kwenye njaa, na hapa ningependa kutulia. Chakula cha siku nzima katika kambi kilikuwa gramu 300 za mkate, na mara nyingi pungufu, pamoja na supu kama lita moja iliyokuwa maji matupu. Kwa chakula hicho watu walichimba mitaro na kulaza reli katika theluji. Msimamizi akigeuza uso, wafungwa walianza kuelezana mapishi: siku tutakapofunguliwa, utakuja kwangu, nitakupikia hiki na kile. Frankl aliyaona mazungumzo hayo kuwa ya hatari, kwani yaliuamsha mwili uliokuwa umekwisha kujizoeza na kidogo. Waliulizana hata juu ya kipande cha mkate: je, ni afadhali kukila chote mara moja, ili kisiibwe na njaa itulie walau kidogo, au kukigawa na kuweka akiba ya asubuhi, saa ile mbaya ya kuamka? Mwisho Frankl aliungana na waliogawa.

Jambo la ajabu ni kwamba miezi ileile ya 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, vijana 36 wenye afya njema, waliokataa kubeba silaha kwa ajili ya dhamiri zao, walijitolea kupewa chakula nusu kwa muda wa karibu miezi sita ili wataalamu wajifunze namna ya kuwalisha watu wa nchi zilizoharibiwa na vita. Walipungua kama robo ya uzito wao. Na vijana hawa, ambao hawakuwa na ugonjwa wowote wa akili, walianza kusoma vitabu vya mapishi kitandani, kulamba sahani, kukata chakula vipande vidogovidogo ili kisiishe upesi, kukasirika bure na kujitenga na wenzao. Ni mapishi yaleyale ya kambini, ingawa hawa hawakuwa wafungwa. Maana yake ni kwamba njaa ikizidi huishika akili yenyewe. Kwa hiyo msichana anayejinyima chakula, ambaye mchana kutwa hawazi kingine ila chakula, asiambiwe kwamba anajifanya. Ubongo wake una njaa.

Na sasa vile viazi. Siku moja kambini mfungwa aliyezidiwa aliingia katika ghala la viazi akaiba vichache. Wizi ukajulikana, na wengine wakamtambua mwizi. Wakubwa wa kambi wakatoa amri: atolewe huyo mtu, ama sivyo kambi nzima itakosa chakula siku moja. Wafungwa walikuwa 2,500, na wote walijua kwamba wakimtoa atanyongwa. Wakachagua kushinda na njaa.

Jioni ya siku hiyo walikuwa wamelala katika vibanda vyao vya udongo, na kila neno lilikuwa chanzo cha ugomvi. Taa ikazimika. Msimamizi wa kibanda akamwomba Frankl aseme neno, maana katika siku zilizopita walikuwa wamekufa watu wengi ambao kwa kweli walikufa kwa kukata tamaa. Frankl mwenyewe alikuwa na njaa, na baridi, na hasira. Akasema nao gizani. Aliwaambia kwamba mengi waliyoyapoteza, kama afya, kazi na jamaa, bado yangeweza kupatikana tena. Akawaambia kwamba yale waliyokwisha kuyaishi hakuna askari awezaye kuyapokonya. Na mwisho akawaambia kwamba kuna anayemtazama kila mmoja wao katika saa hiyo, awe rafiki, au mke, au marehemu, au Mungu, naye anatumaini kuwaona wakiyabeba mateso yao kwa heshima. Taa iliporudi aliona watu waliokonda wakijikokota kuja kumshukuru, machozi machoni. Frankl aliandika pia kwamba ni mara chache sana alikuwa na nguvu za kufanya hivyo, na nafasi nyingi zilimpita. Maneno hayo yamenifanya nimwamini katika hayo mengine.

Wanaume 2,500 walikosa chakula siku nzima, na hakuna aliyewaita wagonjwa, kwa kuwa sahani zao zilizo tupu zilikuwa na jina la mtu.

Tarehe 27 Aprili, 1945, askari wa Marekani waliifungua kambi. Frankl alikuwa ametoka katika homa kali iletwayo na chawa, na katika homa hiyo alijizuia kulala usiku kwa kuandika upya kitabu chake kilichopotea, kwa hati mkato, juu ya vijikaratasi vilivyoibwa ofisini. Waliofunguliwa walikula kwa saa nyingi bila kukoma. (Leo madaktari wanajua kwamba mwili uliokonda sana hulishwa polepole, tena hospitalini, kwani chakula kingi cha ghafla chaweza kumwua mtu.) Alipofika Vienna mwezi wa Agosti akapata habari zote: mama hayupo, ndugu yake Walter hayupo, na Tilly amefia katika kambi ya Bergen-Belsen. Stella peke yake alipona, maana alikuwa amekimbia na baadaye akakaa Australia.

Katika hali hiyo alisema kitabu kizima kwa siku tisa, waandishi wakimwandikia. Kilitoka mwaka wa 1946, na toleo la kwanza halikuwa na jina lake juu ya jalada, kwa kuwa hakutaka sifa. Hicho ndicho kitabu chake kilichonunuliwa kuliko vyote: kabla ya kufa kwake nakala zilikuwa zimepita milioni 10.

Fundisho lake, kwa namna nilivyolielewa, ni hili. Tumezoea kuuliza maisha yatatupa nini. Frankl anageuza: maisha ndiyo yanayokuuliza wewe, kila siku, na jibu lako si maneno ila tendo. Maana hupatikana kwa njia tatu: kazi unayoifanya au kitu unachokitoa, mtu unayempenda au uzuri unaoupokea, na namna unavyoyachukua mateso ambayo huwezi kuyaepuka. Siku moja alimjia daktari mzee aliyefiwa na mkewe miaka miwili nyuma, asiyeweza kutulia. Frankl hakumpa mawaidha. Alimwuliza ingekuwaje kama yeye mume angetangulia kufa. Mzee akasema mkewe angeteseka sana. Frankl akamwonyesha kwamba mateso hayo mkewe ameepushwa, na kwamba anayelipa bei yake ni yeye kwa kubaki na kuomboleza. Mzee akampa mkono akaondoka kimya.

Alikuwa na hila nyingine pia. Kijana mmoja daktari alikuwa akitoka jasho kila akikutana na wakubwa, na kadiri alivyoogopa jasho ndivyo lilivyomwagika. Frankl akamshauri aazimie kuwaonyesha watu ni kiasi gani awezavyo kutoa jasho, lita kumi na zaidi. Hofu ikageuka mzaha, na jasho likakauka. Hila hiyo mimi nisingethubutu kumjaribia msichana anayekataa chakula. Inayomfaa zaidi ni ile nyingine ya Frankl, ya kuigeuza akili iache kujitazama, iende kwa kitu au mtu aliye nje ya nafsi.

Ugonjwa wa kujinyima chakula, uitwao anoreksia, si mpya. Mwaka wa 1873 madaktari wawili, William Gull wa London na Charles Lasègue wa Paris, waliueleza kila mmoja kwa upande wake. Frankl hakujulikana kwa ugonjwa huu hasa. Ni waliomfuata walioona kwamba swali lake linaugusa. Katika Hispania wataalamu wamewapima wagonjwa wa namna hii wakaona kwamba wengi wao wanayaona maisha yao kuwa matupu ya maana kuliko watu wengine, nao wakaanza kuwatibu kwa mazungumzo yaliyotokana na mafundisho ya Frankl.

Mazungumzo hayo huja baada ya chakula, si badala yake. Ugonjwa huu ni mmojawapo wa magonjwa ya akili yanayoua zaidi, na moyo wa mtu aliyekonda waweza kusimama ghafula. Kwa vijana, njia iliyoanzishwa katika hospitali ya Maudsley, London, huwapa wazazi wenyewe kazi ya kumlisha mtoto, mlo kwa mlo, mpaka mwili urudi. Ndipo mshauri hukaa na kijana wakatafuta: ugonjwa huu ulikupa nini? Pengine ulikupa kitu cha kutawala wakati mengine yote yalitawaliwa na wengine. Umekunyang'anya nini? Nani anakungoja? Kazi gani itabaki bila kufanywa kama wewe hupo? Mshauri hatoi majibu. Frankl alikataza kabisa kumpa mgonjwa maana iliyotengenezwa na daktari.

Wako wanaodhani kwamba ugonjwa huu ni wa Wazungu na wa matajiri. Mwaka wa 2004 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa wasichana zaidi ya 600 wa sekondari huko kaskazini mashariki ya Ghana. Walipatikana kumi waliokonda kwa kujinyima wenyewe. Hawakusema kwamba wanataka kuwa wembamba kama picha za magazeti. Walisema habari za dini na za kuutawala mwili.

Niliposoma hayo nilimkumbuka binti wa shangazi yangu, ambaye ameniruhusu niandike bila kumtaja jina. Alianza katika Kwaresima, kwa kuacha sukari. Sote tulimsifu. Kisha akaacha maharagwe, kisha posho. Pasaka ikafika, tukala na kuimba, naye hakurudi mezani. Hapo ndipo ungeweza kutambua, kama ungejua cha kutazama: mfungo una siku yake ya kufungua. Watu walisema mengi. Wengine walisema amerogwa, wengine kwamba ana kiburi cha shule. Alipoanguka mstarini asubuhi alipelekwa hospitali ya mji mkubwa akakaa wiki nane, na shangazi akakaa naye kila mlo, hata mlo mmoja uchukue saa mbili.

Alipopata nguvu kidogo, mshauri alimpa karatasi aandike ni nani anayemngoja. Aliirudisha tupu siku tatu. Siku ya nne aliandika neno moja: bibi. Bibi yetu macho yamemwishia, na kabla ya ugonjwa binti huyu ndiye aliyekuwa akimsomea barua za wajomba na Zaburi kila jioni. Akarudishwa kwenye kazi hiyo. Bibi, ambaye hajapata kusikia jina la Frankl, akaweka sharti lake: hatasikiliza hata mstari mmoja mpaka vikombe viwili vya uji viishe, chake na cha msomaji. Anavipapasa kwa kidole kuhakikisha. Binti amerudi shule sasa. Kila wiki mbili hupimwa uzito. Wiki nyingine hupanda, nyingine hushuka, na anaposhuka shangazi hupanda basi.

Nirudi kwa daktari, nimalize. Toka 1946 aliongoza idara ya mishipa ya fahamu katika hospitali ya Poliklinik ya Vienna kwa karibu miaka 25. Mwaka wa 1947 alimwoa Eleonore Schwindt, Mkatoliki, wakamzaa binti yao Gabriele, na kila mmoja aliiheshimu dini ya mwenzake. Baadhi ya Wayahudi na wengineo walimlaumu kwa kukataa kuwahukumu Waaustria na Wajerumani wote pamoja. Alishikilia kwamba mtu huhukumiwa kwa matendo yake mwenyewe. Vyuo vikuu 29 vilimpa shahada za heshima. Alipenda kupanda milima ya mawe, kwa sababu aliogopa mahali pa juu na hakutaka hofu imwamrishe, akaendelea mpaka umri wa miaka 80. Alipokuwa na miaka 67 alijifunza kurusha ndege akapata leseni. Katika miaka ya mwisho alipofuka, na mkewe akawa ndiye anayemsomea.

Alikufa katika Vienna tarehe 2 Septemba, 1997, kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na miaka 92. Siku mbili kabla yake alikuwa amekufa Binti Mfalme Diana wa Uingereza, ambaye mwaka wa 1995 alisimama mbele ya televisheni akakiri kwamba kwa miaka mingi alikuwa na ugonjwa wa kula na kujitapisha. Siku tatu baada ya Frankl akafa Mama Teresa wa Calcutta. Dunia ililia sana juma hilo, lakini kwa daktari mzee nafasi katika magazeti ilikuwa ndogo. Alizikwa katika sehemu ya Wayahudi ya makaburi makuu ya Vienna.